Sura ya Tano: Kupanga na Kupanga

Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili. Anayelipa kodi ya chumba kila mwezi amepanga. Anayesimamisha vitabu vyake rafuni, kila kimoja mahali pake, naye amepanga. Nimeishi na nyimbo kwa njia zote mbili, na miaka imenionyesha kwamba wengi wetu tumefanya ile ya kwanza huku tukiamini tumefanya ya pili.

Nieleze nilivyogundua. Kwa karibu miaka miwili nililipia huduma moja ya muziki kwenye simu. Humo nilikuwa na orodha niliyoiita "Jumapili", nyimbo 214, nilizoziokota moja moja: wimbo niliousikia kwenye daladala nikashuka na jina lake, wimbo aliokuwa akiupenda marehemu baba, taarabu tatu nne zilizopigwa kwenye harusi ya dada. Jumapili moja nikiwa nafua nikaifungua orodha ile, na chini ya jina lake nikasoma: nyimbo 195. Kumi na tisa hazikuwepo. Hakuna ujumbe uliokuja, hakuna aliyeniaga. Baya zaidi, sikuweza kusema ni zipi. Kumi nilizikumbuka baada ya kukaa na karatasi jioni nzima. Tisa zilizobaki mpaka leo sizijui majina.

Mwenye nyumba hakuvunja mkataba. Masharti niliyoyakubali bila kuyasoma yalisema wazi kwamba nalipia ruhusa ya kusikiliza kile kilichopo, kwa muda kitakaokuwepo. Nyumba ilikuwa yake, mimi nilikuwa na ufunguo tu.

Mambo haya hutokea hata kwa wanamuziki wakubwa wa dunia. Januari 2022 Neil Young aliondoa nyimbo zake Spotify kupinga maneno kuhusu chanjo za Uviko yaliyosemwa kwenye kipindi kimoja cha mazungumzo kilichokuwa kikirushwa na huduma hiyo, na Joni Mitchell akamfuata. Nyimbo zilirudi mwaka 2024. Unaweza kuona walifanya sawa au hawakufanya sawa, lakini aliyekuwa akilipia kila mwezi ili awasikilize hakuulizwa wakati wa kuondoka wala wa kurudi. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Universal Music iliondoa nyimbo za wasanii wake TikTok kwa takriban miezi mitatu, wakivutana juu ya malipo. Google nayo ilikuwa na huduma iliyoitwa Google Play Music, ambayo ilimruhusu mtu kupandisha nyimbo zake mwenyewe hadi 50,000. Desemba 2020 ikafungwa, na watu wakaelekezwa kuhamia YouTube Music kabla ya kila kitu kufutwa. Msiba mkubwa kuliko yote ni wa MySpace: Machi 2019 ilijulikana kwamba nyimbo zilizopandishwa huko kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo, na nakala haikuwepo. Bendi nyingi changa za duniani zilikuwa zimeweka kazi zao pale tu.

Sisemi usipange. Mimi mwenyewe bado nimepanga, na nalipa kodi kwa furaha, maana hakuna kaseti wala santuri iliyowahi kunipa nafasi ya kusikiliza asubuhi kwaya ya Afrika Kusini, mchana rumba ya Kinshasa na usiku udi wa Misri, vyote kwa gharama isiyofikia ya sahani chache za chipsi. Ninachosema ni kwamba ujue umepanga wapi, na ujue vitu gani huwezi kuviacha kwenye nyumba ya mtu.

Spotify ilianzishwa Stockholm mwaka 2006, ikafunguliwa kwa wasikilizaji 2008, na huku Afrika Mashariki ikatufikia Februari 2021. Apple Music ilianza 2015, na Aprili 2020 ikapanua huduma yake hadi nchi nyingi zaidi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Zote mbili zinatangaza kuwa na nyimbo zaidi ya milioni 100. Ukisikiliza usiku na mchana bila kulala, kwa dakika tatu kila wimbo, utahitaji zaidi ya miaka 500 kuzimaliza. Kwa hiyo wingi wa nyimbo si kipimo. Swali la msikilizaji wa kwetu ni jingine: bando likikata, nabaki na nini?

Hapa hesabu kidogo inasaidia, na ni hesabu ambayo wauzaji wa bando hawakufanyii. Ubora wa sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Wimbo ukija kwa kilobiti 96, saa moja hula kama megabaiti 43. Kwa kilobiti 160 ni megabaiti 72. Kwa 320 ni 144. Anayesikiliza saa mbili kwa siku kwa kilobiti 320 anamaliza zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi. Kwa 96 anamaliza gigabaiti 2 na nusu hivi. Anayesikiliza wimbo kwa kutazama video analipia picha ambayo mara nyingi haiangalii, kwani simu iko mfukoni. Sasa chukua orodha ya nyimbo 50, dakika nne kila mmoja. Ukiipakua mara moja kwa kilobiti 96 umetumia megabaiti 144, kisha unaisikiliza mwezi mzima bila kugusa bando. Kama kuna jambo moja katika sura hii litakalokurudishia bei ya kitabu, ni hilo: ingia kwenye mipangilio ya programu, shusha ubora wa kusikiliza kwa data, pandisha ubora wa kupakua, na upakue mahali penye Wi-Fi.

Lakini kupakua nako kuna namna mbili, na majina yake hayatofautishwi. Katika Spotify ni mwenye kulipia tu anayepakua muziki; anaweza kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, kwa vifaa vitano, na lazima simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zinafungwa. Apple Music haina mlango wa bure kabisa baada ya muda wa majaribio. Kote huko kilichopakuliwa hakitoki nje ya programu. Huwezi kukihamishia kwenye redio ya gari, na siku usipolipa kinanyamaza. Umechukua godoro la mwenye nyumba ukalitandika chumbani kwako, basi.

Boomplay ilianzia Nigeria mwaka 2015 na ikafika mikononi mwa watu wengi kwa njia rahisi kabisa: ilikuja ndani ya simu za Tecno na ndugu zake Infinix na itel, imeshawekwa. Kwa Bongo Fleva, singeli na injili ya hapa nyumbani bado ndiyo naifungua kwanza. Audiomack ni ya Marekani, inampa msanii chipukizi nafasi ya kupandisha kazi yake mwenyewe, na ndiyo maana utakuta humo mambo ya mitaani ambayo kwingine hayajafika. Mdundo ya Nairobi ilichukua njia ya peke yake. Inakupa faili halisi ya MP3, bure, ikiwa imetiwa tangazo, na faili hiyo inabaki yako hata kwenye simu ya vitufe. Walioibuni walimfahamu vizuri msikilizaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Copenhagen.

Na YouTube? Kwa mpenzi wa zilipendwa, YouTube ndiyo ghala kubwa kuliko yote, kwa sababu imejazwa na watu wenyewe, kila mmoja akipandisha kaseti yake. Humo nimepata nyimbo ambazo sikudhani ningezisikia tena maishani. Humo pia nimekuta wimbo mmoja umepandishwa mara sita kwa majina manne na bendi tatu. Hilo tutalirudia.

Kuhusu sauti isiyopunguzwa, ambayo Apple imeitoa tangu 2021 na Spotify tangu 2025, hukumu yangu ni fupi: kwa spika ya simu au hedifoni za bluetooth za kawaida, unalipa bando kwa kitu usichokisikia.

Linaloniuma zaidi ni namna kodi yetu inavyogawanywa. Watu wengi hudhani kwamba wakilipia na wakasikiliza mwezi mzima Culture Musical Club ya Zanzibar peke yake, fedha yao inakwenda Zanzibar. Haiendi hivyo. Katika Spotify na wenzake wengi, fedha huingia chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya sehemu ambayo kila mwenye haki ameipata katika usikilizaji wa watu wote. Shilingi yako wewe mpenzi wa taarabu inamfikia zaidi yule ambaye vijana wa miji mikubwa wanamsikiliza kutwa. SoundCloud ilijaribu mwaka 2021 njia nyingine kwa wasanii wanaojitegemea, ya kumpelekea msanii mgawo wa yule aliyemsikiliza, na mimi naiona ndiyo ya haki.

Kuna tatizo jingine ndani ya hilo. Wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Basi wimbo wa dakika mbili na taarabu ya dakika 15, yenye udi, qanun, fidla kumi na waitikiaji, vinahesabiwa sawasawa: mara moja. Wimbo wa dansi wa dakika saba, unaoanza polepole, ukasimulia kisa, kisha ukaingia chemko ambako magitaa yanajibizana, nao ni mara moja. Mashine iliwahi kuubana muziki wetu kabla ya hapo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, santuri ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya kama dakika tatu kwa kila upande, na wimbo uliozoea kwenda usiku kucha ulilazimika kukunjwa. Leo nafasi ipo ya kutosha, lakini malipo yamekunjwa.

Tangu 2024 Spotify imeongeza sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote upande wa rekodi. Fikiria nyimbo za bendi za miaka ya sabini, zinazosikilizwa na wazee wachache na wajukuu wachache zaidi. Mara 700 kwa mwaka ni watu halisi walioutafuta wimbo kwa jina. Mbele ya mashine ni sifuri. Ndiyo sababu, pale wimbo unapouzwa kama faili, mimi nanunua faili. Bandcamp, iliyoanza 2008, humwachia msanii au lebo sehemu kubwa ya bei, na faili unalipata kwa ubora kamili bila kufuli. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala huuza huko singeli ya Dar es Salaam, ikiwemo mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017. Ukinunua, ni yako. Kodi yake umeshamaliza.

Sasa tuje kwenye kupanga kwa pili.

Mjomba wangu yuko Morogoro. Alikuwa fundi redio, na chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye kaseti 41, nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania. Studio za redio hiyo ndiko bendi nyingi za dansi zilikorekodia miaka ile, na wengi waliokuwa mbali na Dar es Salaam walichokuwa nacho ni kile walichokidaka hewani kwa kidole kwenye kitufe chekundu. Nilimwomba anikubalie nizihamishie kwenye kompyuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Umekuja na mashine yako? Haya, lakini kaseti hazitoki humu ndani."

Tukaweka laptopu mezani, karibu na deki yake. Kazi yenyewe haina uchawi. Unasafisha kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Unapeleka kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe uliokaa miaka mingi ulegee. Unaunganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti. Unafungua Audacity, programu ya bure, unacheza sehemu yenye kelele kuliko zote na kushusha sauti mpaka mawimbi yasiguse ukingo wa juu. Kisha unabonyeza na kukaa. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna mkato. Nilikuja kuipenda saa hiyo kuliko nilivyotarajia, kwani ndiyo iliyomfanya mjomba azungumze.

Hifadhi kwanza kwa FLAC, si MP3. MP3, iliyopata jina lake hilo mwaka 1995 kutoka taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, hupunguza ukubwa kwa kutupa sauti ambazo sikio halizitambui kirahisi. Ni kazi ya akili sana, na bila hiyo tusingekuwa na nyimbo kwenye simu. Lakini kilichotupwa hakirudi, na ukitengeneza MP3 kutoka MP3 umefanya fotokopi ya fotokopi. Saa moja ya sauti kamili ni kama megabaiti 635. FLAC huishusha hadi karibu nusu bila kutupa kitu. Hiyo iwe mama. MP3 za kuweka kwenye simu zitazaliwa kutoka kwake kila unapozihitaji.

Upande A ulipokwisha nikaanza kuandika taarifa za nyimbo. Kwenye karatasi ya kaseti mjomba alikuwa ameandika kwa biro: MSONDO. Nikaandika kwenye nafasi ya msanii: Msondo Ngoma.

"Futa hapo," akasema. "Msondo Ngoma ni jina la juzi. Hawa ni JUWATA."

"Si bendi ile ile, mjomba?"

"Ni ile ile. Mtu akibadili jina ukubwani, cheti chake cha ubatizo kinabadilika?"

Alikuwa sahihi, na hapo nikaona ukubwa wa kazi. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz. Na baadaye ikasimama kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Ni bendi moja yenye majina manne. Katika huduma za mtandaoni, hao ni wasanii wanne wasiojuana, kila mmoja na ukurasa wake, na wakati mwingine wanne wanakuwa saba kwa sababu ya tahajia. DDC Mlimani Park Orchestra inapatikana kama Mlimani Park, kama Mlimani Park Orchestra, na kama Sikinde, ambao ni mtindo wake. Mbaraka Mwinshehe yumo kama yeye mwenyewe, kama Morogoro Jazz na kama Super Volcano.

"Na andika anayeimba," mjomba akaongeza. "Huyu ni Gurumo. Usipoandika, watoto wako watajuaje?"

Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akawa miongoni mwa waliojenga Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akaenda Orchestra Safari Sound ya mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Alifariki 2014. Anayetaka kumsikiliza Gurumo hawezi kumpata kwa kutafuta jina la bendi moja. Wapenzi wa dansi wamelijua hilo siku zote: walikuwa wakihama ukumbi kumfuata mwimbaji. Ni mashine ambazo hazikupewa nafasi ya kulijua.

Ufinyu huo una historia. Taarifa zinazosafiri ndani ya faili la MP3 zilibuniwa mwaka 1996, na toleo la kwanza lilitoa herufi 30 tu kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu. Hesabu jina la International Orchestra Safari Sound. Herufi ya 30, ukihesabu na nafasi, ni ile ya mwisho ya "Safari". "Sound" inakatwa yote. Kwa aina ya muziki, toleo hilo lilikuja na orodha ya aina 80 zenye namba. Polka ilikuwemo. Hata mizaha ya kurekodiwa ilipewa namba yake. Taarabu haikuwemo, wala dansi, wala rumba, muziki uliokuwa ukichezwa na nusu ya bara. Aliyetaka kuwa mkweli alibaki kuchagua kati ya neno lenye maana ya "kabila" na lile lenye maana ya "mengineyo". Matoleo ya baadaye yalifungua nafasi, unaweza kuandika chochote kwa urefu utakao. Lakini tabia ya zamani imebaki kwenye mafaili, na ndiyo unayoikuta ukienda kwa vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi: folda inaitwa ZILIPENDWA 3, na ndani yake Track 01 mpaka Track 88. Nyimbo hizo hazimlipi mtunzi, na sasa hazimtaji pia.

Basi hivi ndivyo mimi na mjomba tulivyokubaliana, na nakupa utaratibu wetu uutumie ukikufaa. Nafasi ya msanii inabeba jina la bendi kama lilivyokuwa siku ya kurekodi: JUWATA Jazz. Nafasi ya msanii wa albamu, ambayo simu huitumia kupanga, inabeba jina moja la ukoo mzima: Msondo Ngoma. Kwa hiyo nikifungua simu naukuta ukoo wote pamoja, na kila wimbo unajitambulisha kwa jina lake la kuzaliwa. Nafasi ya mtunzi tunaandika mtunzi, na tusipomjua tunaiacha tupu; mjomba hakubali kukisia. Kwenye maelezo tunaandika mwimbaji, kaseti ya ngapi, upande gani. Na kwenye aina ya muziki tunaandika mtindo: Msondo, Sikinde, Ndekule, Kamanyola ya Maquis, Pambamoto ya Vijana Jazz. Bendi zenyewe zilishapanga muziki wao kwa mitindo kabla kompyuta haijafika. Sikuona sababu ya kuazima orodha ya nje.

Kwa Bongo Fleva tatizo ni jingine: kushirikishana. Msanii mmoja akiwa na nyimbo 40 na kila moja ameshirikisha mtu tofauti, simu itakuonyesha wasanii 40. Dawa ni ile ile: msanii wa albamu abaki mwenye wimbo peke yake, na majina ya walioshirikishwa yakae kwenye jina la wimbo. Jihadhari pia na neno Orchestra, maana litajaza herufi O kwa Maquis, Matimila na Safari Sound kwa pamoja; liweke mwisho wa jina unapopanga.

Programu za kufanyia haya ni za bure. Mp3tag hukuruhusu kurekebisha mafaili mia kwa mkupuo. Picard hulinganisha sauti yenyewe na hazina ya MusicBrainz, ambayo imejengwa na watu wa kujitolea tangu 2000, na kukujazia majina. Kwa nyimbo za karibuni inafanya kazi vizuri mno. Kwa kaseti za mjomba haikutambua hata moja. Lakini hazina hiyo iko wazi kwa yeyote kuchangia, na mtu akishasajili mara moja kwamba NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo ni damu moja, wengine wote wanafaidi. Ningependa kuona wapenzi wa dansi wakiifanya kazi hiyo kuliko kuona tukiendelea kulalamika kwamba wageni hawatujui.

Ukishapanga, nakili. Memori kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya nyimbo 8,000 za dakika nne kwa kilobiti 128, au kama 3,300 kwa 320, na inaweza kufa yote kwa dakika moja. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo, mbele ya macho yangu, mwezi mmoja baada ya kuijaza. Kadi feki ndizo hatari zaidi: inajitangaza gigabaiti 128 na ndani ina 8, ukivuka hapo inaandika juu ya ulichoweka mwanzo bila kusema neno. Weka nakala tatu: moja ya kusikiliza, moja kwenye diski ya nje kabatini, na moja kwenye nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu unayemwamini. Moto au mwizi huingia nyumba moja moja.

Na ile orodha iliyopo kwenye huduma unayolipia, iandike. Zipo huduma kama Soundiiz na TuneMyMusic za kuhamisha orodha kutoka jukwaa moja kwenda jingine, na zinaweza pia kukutolea majina yote kama faili la maandishi. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache. Faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya simu. Ningelikuwa nalo, ningezijua zile tisa.

Hadi tunapokwenda mitamboni, tumemaliza kaseti 17. Kuna nyimbo ambazo mjomba anausikia mpigo wa kwanza wa gitaa na kutaja mpigaji, na kuna nyingine anafumba macho, anasubiri mpaka ubeti wa pili, kisha anasema, "Huyu jina limenitoka, liache." Amewahi kunipigia simu siku tatu baadaye, usiku, kunipa jina. Majina hayo hayako kwenye jukwaa lolote. Yako kwa mjomba, kwa shangazi yako, kwa mzee wa mtaa wa pili aliyekuwa mlinzi wa ukumbi. Ukimjua mmoja, nenda kwake wiki hii na kalamu, hata kama hujanunua waya. Kompyuta itakungoja.

Mjomba ana miaka 78, na zimebaki kaseti 24.